Skrubu ya Tatu

Konstebo Ngigi alikuwa na haraka ya kumpeleka mtu kortini. Hiyo ndiyo shida ya hawa vijana wa polisi: wakiona faili inanenepa wanadhani ni ukweli unaonenepa. Jumatatu hiyo asubuhi alimwekea Inspekta Muhonja faili mezani, akatua kikombe cha chai juu yake, akasema, "Afande, huyu fundi tumemalizana naye. Kesho asubuhi anapanda kizimbani."

"Nani amemalizana naye? Toa hiyo chai juu ya faili yangu."

Ngigi akaitoa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Seth Luseno wa Komarock, mtu aliyeishi kwa kuongoza misafara ya watalii wanaopenda kutembea nchi kwa pikipiki, alitoka Jumapili alfajiri na pikipiki yake kubwa ya safari. Alishika barabara ya Kangundo kuelekea Tala ili aijaribu kabla ya wageni kufika. Mbele kidogo ya Komarock, penye barabara iliyonyooka, akaivuta mpaka mwisho. Injini ikanoki, ikakwama, gurudumu la nyuma likajifunga ghafla, pikipiki ikamrusha kwenye kalvati. Hakufika hospitali akiwa hai, maskini.

Siku moja kabla, fundi wake Zedekiah Andati alikuwa amemaliza kumfungia pikipiki hiyo kisanduku cha kurekebisha mafuta, kilichotumwa kutoka Ujerumani. Injini ilipofunguliwa, pistoni moja ilikuwa na tundu la kupitisha kidole na plagi zote zilikuwa nyeupe pe, dalili kwamba injini ilinyimwa mafuta ikajichoma yenyewe. Kwa hiyo Zedekiah akachukuliwa jioni hiyo hiyo, angali na shati la kanisani. Shtaka lilikuwa kusababisha kifo kwa uzembe. Alikubali kila alichoulizwa: ndiyo, alikifunga yeye, ndiyo, alikipima yeye, ndiyo, Luseno alikuwa rafiki yake. Kitu kimoja tu ndicho alichokataa.

"Mimi sikuiacha hivyo," alisema, na akaendelea kukisema hicho hicho usiku kucha mpaka mahabusu wenzake wakamwambia anyamaze.

Muhonja hakuipenda faili hiyo. Jana yake Ngigi alikuwa amemburuta mtu mwingine kituoni, Magan, muuza petroli wa Pumwani, kwa madai kwamba alichanganya petroli na mafuta ya taa. Muhonja alitia matone machache ya petroli ile juu ya karatasi, akaianika dirishani. Ilikauka bila kuacha doa la grisi, Magan akaenda zake akiwatukana Ngigi na ukoo wake wote. Aliyekosea vile jana, leo ndiye anayesema wamemalizana.

"Mlete fundi uani," Muhonja akasema.

Pikipiki ilikuwa uani chini ya turubai, tangi limebonyea, kioo cha mbele hakipo. Zedekiah aliletwa akiwa na pingu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ya chini, na alipoiona pikipiki alipepesa macho mara kadhaa kabla ya kuisogelea.

"Nieleze kama unayemweleza mtu asiyejua hata kuwasha jiko la stovu," Muhonja akamwambia.

"Pikipiki hii haina kabureta, afande. Ina kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua injini ipewe mafuta kiasi gani. Sasa Luseno alibadilisha ekzosi na njia ya hewa, hewa ikawa nyingi, mafuta yakabaki yale yale. Injini ikawa na njaa. Hiki kisanduku kinakaa katikati ya kompyuta na injekta zinazonyunyiza mafuta, kinaongeza mafuta au kinapunguza."

"Kwa hizi skrubu?"

"Hizo tatu. Ya kwanza ni ya mwendo wa pole, ukiwa kwenye jam, ukitoka getini. Ya pili ni ya safari ya kawaida. Ya tatu ni ya kuvuta yote. Ukiharibu ya kwanza, pikipiki itakohoa hapo hapo, hata mtoto atajua. Ya tatu haisemi kitu. Utazunguka Komarock nzima ukiimba nyimbo za kanisa. Siku utakapoivuta mpaka mwisho ndipo injini inakosa mafuta, inachemka, pistoni inayeyuka."

"Wewe ulijuaje kwamba umeiweka sawa?"

Kidogo uso ukamchangamka. Mtu akiulizwa kazi yake hata pingu husahau. "Jumamosi nilishinda barabarani nayo. Unaivuta yote, halafu unashika klachi na kuizima hapo hapo, unajikokota mpaka pembeni, unatoa plagi ingali moto unaitazama. Ikiwa nyeupe, ina njaa. Ikiwa nyeusi tititi, umeivimbisha tumbo. Unazungusha skrubu kidogo, unarudi barabarani. Nilirudi na kurudi mpaka plagi zikawa rangi ya chai ya maziwa. Hizo nikazifunga kwenye gazeti, nikamwekea Luseno mpya za safari."

"Tulizipata," Ngigi akadakia. "Lakini plagi za rangi ya chai zimejaa Nairobi hii, maze. Zinaweza kuwa za pikipiki yoyote."

Hapo kijana alikuwa na haki yake. Muhonja alichuchumaa akakitazama kisanduku. Kila skrubu ilikuwa na tone jekundu kichwani.

"Hii ni nini?"

"Rangi ya kucha. Nikimaliza skrubu naipaka, ili isilegee kwa mtikisiko, na mtu akiigusa nijue."

Rangi ya skrubu ya kwanza ilikuwa nyembamba, safi, bila mkwaruzo. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa imevimba. Muhonja aliikwangua kwa ukucha, utando wa juu ukatoka mzima, na chini yake kulikuwa na utando mwingine uliokatwa katikati na bisibisi. Skrubu yenyewe ilikuwa imezungushwa upande wa kupunguza mpaka ikagota.

"Ngigi, njoo uone. Wewe pia, fundi."

Zedekiah aliinama.

"Mtu amevunja muhuri wangu," akasema. "Amezungusha, halafu amepaka tena ili nisijue."

"Na rangi ni ile ile yako?"

"Ile ile. Chupa iko kwenye kabati la vifaa."

"Linafungwa?"

"Kwa kufuli, afande. Kayole iko hapo tu, usipofunga utaamka huna spana."

"Nani ana ufunguo?"

"Mimi."

"Na nani mwingine?"

"Kweyu. Lakini Kweyu ni mume wa dada yangu Lenah. Ile gereji ni yake, na ndiye aliyenifundisha kushika spana nikiwa sijaota ndevu. Afande, nakuomba, hilo liondoe akilini kabisa."

"Jumamosi jioni uliondoka saa ngapi?"

"Kumi na moja hivi. Nilifunga kabati, nikafunga na gereji. Luseno alikuja kuichukua pikipiki baada ya hapo. Kweyu ndiye aliyepaswa kumfungulia, lakini nasikia hakuwepo, Luseno akafunguliwa na mlinzi. Mimi nilikuwa nimeenda mazoezi ya kwaya."

"Nani alikuambia Kweyu hakuwepo?"

"Ngigi hapa."

Ngigi alijikuna shingo.

Waliporudi ofisini Muhonja aliifungua faili, safari hii akiisoma kama mtu anayechambua mchele. Mlinzi alisema alipokea zamu saa kumi na mbili jioni, akaikuta pikipiki iko tayari. Kwa hiyo kulikuwa na muda wa kutosha, baada ya Zedekiah kuondoka na kabla ya mlinzi kufika, wa mtu mwenye ufunguo kuingia na bisibisi. Mwenye ufunguo ni Zedekiah au Kweyu. Na Kweyu alikuwa ameandikisha kwamba tangu Jumamosi saa tisa mchana mpaka Jumapili asubuhi alikuwa Mbotela kwa mama mkwe wake, amezuiwa na mvua.

"Na mama mkwe amekubali," Ngigi akasema. "Nilimwandikisha mwenyewe jana. Sasa, afande, fikiria. Mama mkwe wa Kweyu ndiye mama mzazi wa Zedekiah. Mama gani atadanganya ili mtoto wa tumbo lake afungwe? Hapo ndipo nilipofunga faili."

Ulikuwa uamuzi wenye akili, na Muhonja hakuwa mtu wa kumnyima mtu haki yake. Alisoma maelezo ya yule mama. *Nilimpikia kuku. Tulikula pamoja mezani, tukazungumza habari za watoto. Mvua haikuisha, akalala kwenye kochi.* Akayasoma tena. Kisha akaguna.

"Ngigi, umeoa?"

"Bado, afande. Natafuta."

"Basi ukitafuta kwetu Maragoli, au hata kwao kina Kweyu kule Butere, sikia hili mapema. Mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hamshiki mkono. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na kulala chini ya paa lake? Heri alale hapa kwetu na kunguni."

"Lakini hii ni Nairobi! Watu wanakaa chumba kimoja, majani watayatoa wapi? Nani bado anafuata hayo?"

"Wengine wameacha. Binamu yangu mwenyewe anacheza kadi na mama mkwe wake. Ndiyo maana hatutabishana hapa, wewe na mimi. Chukua koti twende."

Walimkuta Kweyu gerejini, ukingoni mwa Komarock, akifungua kabureta ya pikipiki ya mtu. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye mikono ya kazi. "Niaje, afande! Karibuni kwenye makaa na mafuta." Muhonja alimwambia anataka ampeleke kwa mama mkwe wake, kuna kitu kidogo hakijaeleweka.

"Mimi pia?" Kweyu akauliza.

"Wewe pia. Si ulilala huko? Unaijua nyumba."

Njiani ndani ya Land Rover Kweyu alizungumza sana. Alisikitikia Luseno, akasikitikia mjane wake Triza, akamsikitikia Zedekiah kuliko wote. Kijana mzuri, alisema, ila hivi vitu vya kompyuta vimemzidi kimo. Walipokata kona kuingia Mbotela alinyamaza, akaanza kujifuta viganja kwenye suruali.

Mama Zedekiah alikuwa mlangoni anachambua mboga za kunde. Mama mwembamba, nadhifu, mwenye beji ya umoja wa akina mama kifuani. Alimwona Muhonja akainuka na kumshika mikono yote miwili. "Mwanangu, umeniletea habari za mtoto wangu? Amekula?" Kisha akamwona nani anashuka nyuma ya gari.

Aliachia mikono ya Muhonja. Akavuta leso kichwani mpaka ikamfunika paji la uso, akageuka, akaingia ndani bila neno. Nyumba ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua. Pazia likatikisika, likatulia.

"Karibuni," sauti ikatoka nyuma yake.

Muhonja na Ngigi waliingia wakakaa kwenye kochi lenye vitambaa vya kufuma. Kweyu alibaki kizingitini. Mguu mmoja ndani, mmoja nje, uso ameuelekeza kwenye kamba za nguo za jirani.

"Ingia, Kweyu," Muhonja akasema.

"Niko sawa hapa, afande. Kuna upepo mzuri."

Hakukuwa na upepo wowote.

"Mama, njoo tukae."

"Nasikia hapa hapa, mwanangu. We sema tu."

Harufu ya chai ikaja, na baada ya muda mkono ukatokea ubavuni mwa pazia na kikombe. Muhonja akakipokea. Ukatokea na cha pili, cha Ngigi. Halafu cha tatu. "Hiki mpe mgeni wa nje," sauti ikasema. Jina halikutajwa. Muhonja, Inspekta mzima, akainuka akampelekea Kweyu chai mlangoni kama msichana wa jikoni, na Kweyu akaipokea kwa mikono miwili, akageuka kabisa akainywa akiwapa mgongo.

Ngigi alikuwa ameacha kuandika. Macho yalikuwa yakienda kwenye pazia, yakirudi mlangoni.

"Mama," Muhonja akasema, "Jumamosi mlikula nini?"

"Kuku."

"Mlikaa wapi?"

"Hapo mezani."

"Nani alikaa wapi?"

"Mimi hapo karibu na redio. Yeye upande ule wa mlango."

"Vizuri. Basi njoo ukae karibu na redio. Kweyu, njoo ukae upande ule. Mkae tu kama mlivyokaa, nione, halafu tunaenda zetu na hatutawasumbua tena."

Hakuna aliyesogea. Nje mtu aliita watoto wake wakale. Kweyu alikuwa ameshika fremu ya mlango na jasho lilimtiririka shingoni mpaka kwenye kola.

"Inspekta, tafadhali," akasema.

"Tafadhali nini? Juzi mlikula kuku hapa, mkapiga na soga. Leo mnakatazwa na nani?"

Pazia likasogea. Mguu wenye sapatu ya plastiki ukatokea, mwembamba, umepakwa mafuta. Mama alikuwa anajaribu kweli. Mguu ulikanyaga sakafu ya upande huu, ukakaa hapo. Kisha ukarudi.

"Siwezi," sauti ikasema. "Mwanangu, siwezi. Nikae na mkwe wangu meza moja, nitakuwa mtu wa namna gani?"

Muhonja alitua kikombe mezani kwa kishindo. "Kukaa kwenye kiti umeshindwa, lakini kumfungisha mwanao uliweza?"

Nyuma ya pazia mama alianza kulia, kilio cha chini, cha mtu aliyezoea kutowasumbua majirani.

"Jumamosi hakuja," akasema. "Alikuja jana, baada ya kanisa, mvua ikinyesha. Hakuingia. Alisimama hapo nje dirishani ananyeshewa, mimi niko huku ndani, akaniomba niseme alikuwa ameingia."

Ngigi alinong'ona kitu kwa lugha ya kwao. Huko mlangoni Kweyu alikuwa amefumba macho.

"Alikuambia amefanya nini?"

"Aliniambia amegusa pikipiki, na mtu amekufa."

"Na ulijua tayari nani yuko kituoni?"

"Alikuwa bado hajachukuliwa. Lakini nilijua watamchukua. Nani mwingine wangemchukua?" Akapenga kamasi. "Halafu huyu askari wako akaja jioni, akaniambia wamemshika Zedekiah. Nikasema vile nilivyosema. Lenah ana watoto wanne, mwanangu. Kifungua mimba, Whitney, ndiyo ameanza darasa la kwanza. Kweyu akiingia jela watoto hao watakula nini, wataishi wapi, wote waje humu? Zedekiah hana mke. Hana mtoto. Atakaa ndani, atatoka, ataanza upya. Ni mwanamume."

"Na Kweyu ni nini?" Muhonja akauliza.



Mlangoni kikombe kilianguka. Ngigi aliruka akamdaka Kweyu mkono, lakini Kweyu hakuwa na nia ya kukimbia. Alikuwa ameketi pale pale kizingitini, akiongea na sakafu.

"Nilitaka ikohoe tu," akasema. "Wallahi afande, hata kwa damu ya Yesu. Nilitaka ikohoe getini, Luseno akasirike airudishe, mimi niirekebishe. Basi. Luseno alikuwa ameshamwahidi Zedekiah ndiye fundi wa msafara. Watakwenda mpaka Turkana na wazungu, na mimi niliyemfundisha nibaki hapa napiga pampu baiskeli. Gereji ni yangu! Wateja wanaingia wananipita, wanauliza, Zedekiah yuko wapi? Kwangu mwenyewe!"

"Ukachagua skrubu ya tatu."

"Niliizungusha ile ya mwisho. Kwenye kabureta ukipunguza mafuta, pikipiki inakohoa, inazima, mtu anarudi. Sikujua hii inanyamaza. Nilimsikia Luseno akiiwasha mbele ya mlinzi, mimi nimejificha nyuma ya karakana ya jirani, ikaunguruma tamu kabisa. Nikasema ah, haikushika, bure tu nimejisumbua. Nikaenda nikalala."

Muhonja alimtazama. Mtu huyo alikuwa na usiku mzima wa kugonga mlango wa Luseno na kumwambia, ndugu, usiivute. Muhonja alimwambia hivyo, kwa maneno makali kuliko hayo, na Kweyu akatikisa kichwa kama anayekubaliana naye.

"Mtie pingu," akamwambia Ngigi. "Na wewe, mama, vaa viatu. Utakuja kuandikisha upya. Na sikufichi, uongo huo nao utajibiwa."

Mama alikataa kupita mlangoni mpaka Kweyu alipotolewa kwanza.

Alasiri ile kituoni Ngigi mwenyewe ndiye aliyekwenda kumfungua Zedekiah. Alimrudishia mkanda na kamba za viatu, na alimwomba radhi, jambo ambalo si kila askari huliweza. Zedekiah alikaa mbele ya meza ya Muhonja akifunga viatu.

"Ni Kweyu," Muhonja akamwambia. Hakuona haja ya kuzungukazunguka.

Zedekiah aliacha kamba mkononi. Akainama tena akamalizia kufunga. "Kweyu," akasema. "Kweyu aliyeninunulia spana ya kwanza." Halafu, "Mbona iliwachukua mpaka leo? Funguo ni mbili tu."

"Alisema alikuwa Mbotela. Kwenu."

Zedekiah alicheka, kicheko cha kweli kabisa. "Kwetu? Kweyu? Miaka yote hiyo hajawahi kupita mlango ule. Akileta sukari anaiacha kwa jirani. Mngemuuliza mama angewaambia palepale."

Muhonja alikuwa amefanya kazi hiyo miaka mingi, na amewapelekea watu habari za vifo milangoni mwao wakiwa na vijiko mkononi. Hakumbuki lini alitamani simu ilie kama wakati ule. Simu haikulia.

"Tulimuuliza," akasema.

Kicheko kilibaki usoni mwa Zedekiah kidogo, kisha kikatoka polepole.

"Jana?"

"Jana."

"Akiwa anajua niko hapa?"

"Akijua."

Zedekiah aliitikia kwa kichwa mara nyingi, kama fundi anayesikiliza mlio wa injini. Machozi yalikuwa yamemjaa lakini hayakumwagika. Kisha akainuka. "Naweza kwenda?"

"Uko huru."

Mama Zedekiah alikuwa kwenye benchi la ukumbini, leso ameikunja mapajani, maelezo mapya ameshatia kidole. Alipomwona mwanawe akasimama.

"Zedekiah. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umekonda."

"Ni usiku mmoja tu."

Walisimama hivyo. Askari wa kaunta alijifanya anatafuta kalamu. Mama alinyoosha mkono akamfuta mwanawe vumbi begani, na yeye akamwacha amfute.

"Twende nyumbani," mama akasema. "Huyu Inspekta ameniruhusu niende nirudi kesho. Nitakupikia."

"Naenda Komarock kwanza. Kwa kina Luseno. Kuna matanga tangu jana, na watu wote pale wanaamini ni mimi niliyemuua. Triza anaamini ni mimi. Lazima nisimame mbele yao."

"Ni vizuri. Nenda. Ni haki yako." Mama alimsogelea, akashusha sauti, lakini ukumbi ulikuwa mdogo na Muhonja aliyasikia yote pale mlangoni pa ofisi yake. "Utawaambia ni Kweyu. Sawa, hilo halifichiki tena. Lakini usiwaambie mimi nilisema nini. Triza tunasali kanisa moja, mwanangu. Tunakaa benchi moja. Nitamtazamaje? Waambie polisi walikosea. Polisi hukosea kila siku. Mama yako nakuomba hilo moja tu."

Zedekiah aliutwaa ule mkono uliokuwa begani mwake, akaushusha taratibu, akaurudisha kwake.

"Nitawaambia, mama," akasema. "Nitawaambia yote."

Akatoka. Walimwona kupitia dirisha akivuka ua, akipita ile pikipiki chini ya turubai, akishika barabara bila kungoja gari. Mama Zedekiah alibaki amesimama, kisha akamgeukia Muhonja kwa uso wa mtu aliyeshangaa, mtu aliyeonewa.

"Hajawahi kunikatalia kitu," akasema. "Tangu nimzae, huyu mtoto hajawahi kunikatalia kitu."